Vidonge Vyangu Vilikuwa Magoma

Ninaandika haya nikiwa nimepona. Nasema mapema ili usisome huku roho iko mkononi. Nilipokuwa naumwa, kila niliyemsikia akizungumzia kifua kikuu alikuwa anasimulia habari za marehemu, nami nikawa naondoka kabla hajamaliza. Basi wewe uliyekaa kwenye benchi la zahanati leo, umefunika mdomo kwa ncha ya kanga na kujifanya unasoma tangazo la ukutani, kaa na mimi kidogo. Mimi ni mzima, nimenenepa, na mume wangu anasema mdomo wangu ndio uliotangulia kupona.

Naitwa Mwanaisha Athumani Mbwana. Hapa Kwaluguru hakuna anayeniita hivyo. Mimi ni Mama Shufaa, fundi cherehani, na ukiuliza Mwanaisha utaambiwa hayupo. Lakini jina hilo lazima nilieleze mwanzoni, maana ndilo lililotaka kunizika.

Bibi yetu mzaa baba aliitwa Mwanaisha. Kwetu mtoto wa kiume akipata binti humpa jina la mama yake, na asipofanya hivyo atasemwa hata kwenye misiba ya watu wengine. Baba Athumani akapata binti, akamwita Mwanaisha. Miezi michache baadaye mdogo wake, Hamisi, naye akapata binti, akamwita Mwanaisha. Huyo wa pili ndiye mimi. Mama aliyenizaa alifariki kabla sijaweza hata kukaa, na Hamisi akaenda kutafuta maisha, asiyapate, wala asirudi. Baba Athumani na mkewe, Fatuma, wakanichukua. Dada alinyonya ziwa la kulia, mimi la kushoto. Siku ya kutuandikisha shule Baba alitupeleka pamoja, kwa jina lake na tarehe moja ya kuzaliwa. Mwalimu alipouliza kama ni mapacha, Baba alimjibu, "Wewe andika."

Nyumbani mwetu hakuna aliyewahi kusema "mtoto wa kulea." Ukiulizwa mama yako nani, unasema Fatuma Salimu, basi. Kusema vingine mbele za watu ni kumvua nguo Mama. Jina la aliyenizaa nililijua, bibi aliniambia, lakini sikuwahi kulitamka mbele ya Mama. Nilipojifungua binti wa kwanza akapewa jina la mama mkwe, kama inavyotakiwa. Wa pili ilikuwa zamu ya upande wangu, na moyo ulinivuta kwenye lile jina nisilolitamka. Nikamwita Fatuma. Mama alifurahi mpaka akalia, nikanyamaza.

Kikohozi kilianza wakati wa kupalilia mahindi. Nilisema ni vumbi. Mahindi yalipobeba nikasema ni nyuzi za vitambaa, maana fundi yeyote atakuambia pua haziishi nyuzi. Nikanywa tangawizi, nikanywa majani ya mpera, nikanywa kila kitu alichokitaja kila jirani. Jioni mwili ulichemka, asubuhi nikaamka shuka limelowa. Na magauni yangu yakaanza kunipwaya. Mimi fundi, sikukubali kuonekana nimevaa gauni la kuazima: nikalipunguza moja kiunoni, nikapunguza la pili, nikarudi kwa lile la kwanza nikapunguza tena. Wateja wakawa wananiambia, "Mama Shufaa, umependeza, umepungua!" Nikawaambia asanteni.

Mavuno yalipokaribia nilikwenda Korogwe kununua vitambaa kama kawaida yangu. Nikiwa dukani nimeshika kitenge, nikakohoa, na nilipoondoa mkono mdomoni niliona damu. Si nyingi. Mwenye duka, mama wa makamo tunayefanya naye biashara tangu zamani, aliniona. Akachukua kile kitenge, akakikunja, akasema, "Hiki sikuuzii leo. Nenda hospitali kwanza." Nilimchukia kwa muda wa kutoka dukani mpaka barabarani. Leo namwombea dua.

Hospitalini nilikaa kwenye benchi mpaka nikawajua wenzangu wote kwa vikohozi vyao. Zamu yangu ilipofika dirishani, binti wa mapokezi akauliza jina, nikamtajia yote matatu. Akabonyezabonyeza.

"Mzaliwa wa Kwaluguru? Mama ni Fatuma Salimu?"

"Ndiye mimi."

"Upo kwenye mfumo tayari. Karibu tena, mama."

Ile "tena" ilinishangaza kidogo. Sikuwahi kutibiwa pale. Lakini nikajiambia siku hizi serikali inakujua kabla hujajitambulisha, labda ni kwenye kupiga kura, na mtu anayekohoa damu habishani na anayemkaribisha. Kitambulisho cha taifa nilikuwa nimejiandikisha tu, bado hakijatoka. Nikamwambia naomba majibu niyapate kwetu, kwenye zahanati.

"Usiwe na wasiwasi," akasema. "Siku hizi mifumo inasomana. Nesi wako atayaona huko huko, huna haja ya kutembea na daftari."

Nikatema kwenye kikopo, nikakabidhi, nikarudi nyumbani nikiwa na furaha. Kweli nilifurahi. Nimezunguka sana na madaftari ya hospitali katika maisha yangu, moja limeloa mvua, jingine limechanwa na mtoto, na kila ukifika unaanza upya kusimulia mwili wako kwa mtu asiyekutazama. Kwamba majibu yangetembea yenyewe kutoka Korogwe mpaka Kwaluguru, mimi niliona ni maendeleo.

Hayakutembea. Nilikwenda zahanati, Nesi Upendo akafungua kompyuta, akasema bado. Nikaenda tena, bado. Mahindi yakakauka, yakavunwa, yakapukuchuliwa, na Nesi anasema bado. Mimi nikazidi kuisha. Pete ya ndoa ilianza kuteleza nikaifunga kwa uzi. Ngazi tatu za zahanati nikawa nazipanda kwa kituo. Mume wangu, Baba Shufaa, ni mtu wa maneno machache, na woga ulipomwingia yakapungua zaidi. Siku moja nikakuta amenitengea kikombe changu na sahani yangu kwenye kona ya kabati. Nilikasirika sana.

"Umenitenga kabla hata hawajanipima?"

"Nina watoto ndani," akasema, akiwa ametazama chini. Kisha akabeba cherehani yangu, akaitoa nje barazani kwenye upepo, na kila siku akawa anaitoa asubuhi na kuirudisha jioni. Alivyokuwa anaogopa na alivyokuwa ananipenda vyote vilikuwa kwenye mikono ileile, na mimi sikujua kipi nikijibu.

Mama alikuja kila asubuhi na uji wa mtama. Nilimwambia ni kifua tu. Na dada yangu, yule Mwanaisha mwenzangu, ambaye ameolewa Magoma na wote wanamwita Mama Rehema, naye nilimwambia hivyo hivyo kwenye simu. Nilitegemea atanibana kwa maswali kama kawaida yake. Hakunibana. Alisema na yeye ana mafua, akakata simu haraka. Nilimshukuru Mungu kwa kuwa hakuuliza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami msemo huo nimewaimbia wenzangu mara nyingi tu, nikidhani unawahusu wao.

Siku ya siku Nesi Upendo alinipokea kwa sura ya kununa.

"Mama Shufaa, mbona unanizungusha? Nimetafuta kwa jina lako nchi nzima, siyo kwetu hapa tu. Kumbe umeshaanza dawa!"

"Dawa gani?"

"Za kifua kikuu. Umeanzishiwa Magoma. Na unameza vizuri, hujakosa hata siku moja."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nina kifua kikuu: kwa kuambiwa kwamba ninakitibu. Nikacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kilipokwisha Nesi alikuwa ameona damu kwenye leso yangu na sura yake imebadilika.

"Nesi," nikamwambia, "huyo anayemeza vizuri, mbona anazidi kukonda?"

Alijaribu kunianzishia dawa palepale. Kompyuta ikakataa, ikasema mgonjwa huyu yuko kwenye dozi kituo kingine. Akajaribu njia nyingine, ikakataa. Akasema nikilazimisha nitawavuruga wote wawili, ngoja nipige simu wilayani, uje kesho. Nikabaki nimekaa. Wote wawili? Magoma? Mwanaisha Athumani Mbwana, mama Fatuma Salimu, mzaliwa wa Kwaluguru? Jamani! Huyo ni dada yangu!

"Nesi, siji kesho," nikamwambia. "Mimi nakwenda Magoma."

"Na hali hiyo?"

"Ndiyo hii hii niliyo nayo."

Akanipa barakoa na kuniambia nikae dirishani. Mume wangu alitaka kwenda yeye. Nikamwambia hapana, hili jina ni langu. Njia sitaisimulia. Anayeijua anaijua, na siku ile niliiona ndefu kuliko ilivyo.

Nilifika kwa dada jua limesogea. Nyumba kubwa ilikuwa kimya. Nikasikia kikohozi kutoka jiko la zamani la nje, lile walilokuwa wanafugia kuku. Nikachungulia. Dada yangu alikuwa amekaa juu ya mkeka, amejifunika, pembeni ana kikombe chake na sahani yake.

"Usiingie!" akapiga kelele. "Rudi! Mimi naumwa."

"Unaumwa nini?"

Akasema kwa sauti ndogo, "Kifua. Kile kikubwa."

"Nani amekuambia?"

"Walipiga simu. Yaani walimpigia Baba Rehema. Mwaka jana nilipofanyiwa upasuaji Korogwe sikuwa na simu, tuliandika namba yake. Wakamwambia yeye kwanza. Nilipotoka shamba nikakuta mkeka wangu umeshatolewa nje."

"Ulitema makohozi kwenye kikopo?"

"Hapana. Nilidhani ni ile damu waliyonitoa nilipokwenda kuangaliwa kidonda. Na kikohozi ninacho, si unaujua moshi wa maandazi?"

"Dada," nikamwambia, "mimi nilitema. Unameza vidonge vyangu."

Alinitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza. Akaona mashavu yalivyoingia ndani. Akaona pete iliyofungwa uzi. Kisha akainuka, akachomoa pakiti ya vidonge chini ya mto, akanitupia mapajani. "Meza! Meza sasa hivi! Mimi nimekuwa nakojoa mkojo mwekundu, nalia nasema ndio nakufa, kumbe nakula dawa za mwenzangu!"

Nilivishika. Sijawahi kutamani kitu hivyo, hata maji wakati wa mfungo. Lakini nilijua nikivimeza kwa kujificha pale jikoni, basi mgonjwa ataendelea kuwa yeye na mzima ataendelea kuwa mimi, na siku nikianguka, kompyuta itasema huyu tulimtibu vizuri tu. Nikamrudishia.

"Kesho tunakwenda Korogwe," nikasema. "Wote wawili. Watutazame kwa macho."

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. "Mimi nilifuata walivyoniambia," akasema.

"Walikuambia umlaze na kuku?"

Jioni ile aliubeba mwenyewe mkeka wa dada na kuurudisha ndani, na mimi nikalala kwenye jiko lile, maana mwenye haki nalo ndiye mimi. Dada akakaa nje mlangoni mpaka nikamfukuza. Tulicheka, tukalia, tukacheka tena. Kumbe wote wawili tulikuwa tunafichana ugonjwa mmoja.

Asubuhi tulikwenda kusimama kwenye dirisha lile lile, Mwanaisha na Mwanaisha. Binti wa mapokezi akatutazama, akaita mtu wa kompyuta. Akaja bwana mmoja mstaarabu, akatukalisha, akasikiliza mpaka mwisho bila kutukatiza. Kisha akaanza kutuuliza, mmoja baada ya mwingine. Jina? Lile lile. Baba? Yule yule. Tarehe ya kuzaliwa? Ile aliyoitunga Baba siku ya shule. Kijiji? Kwaluguru.

"Jina la mama?"

"Fatuma Salimu," dada akasema.

Akanigeukia. "Na wewe?"

Nikafungua mdomo. Nyuma yetu benchi lote lilikuwa limekaa kimya linasikiliza, kama kawaida ya mabenchi. Nikaufunga.

"Mama," yule bwana akasema kwa upole, "mimi naona mko wawili. Mfumo unaona mmoja. Nikiwatenganisha hivi hivi, leo usiku utawaunganisha tena, maana kila kitu ni kilekile. Nipe kitu kimoja tu kinachowatofautisha, na daktari anakuanzishia dawa sasa hivi."

Dada akanifinya paja. "Sema."

"Siwezi."

"Utakufa kwa heshima?"

"Huyo ndiye mama yangu, dada. Niseme hapa mbele za watu kwamba siye?"

Ninajua kuna mtu anasoma hapa na kusema mwanamke huyu ni mjinga, si ataje tu. Huenda wewe hukulelewa na mtu aliyekunyonyesha pamoja na mwanawe bila kukuonyesha siku hata moja ni yupi alimzaa. Mimi nililelewa hivyo. Nilikuwa naisha kifua na bado neno lile halikutoka.

Dada hakunibembeleza tena. Akatoa simu, akapiga nyumbani, akaweka sauti ya nje. Mama alipopokea, dada akamweleza yote kwa pumzi moja: kikopo, simu, kuku, vidonge. Mama kwanza alitufokea kwa Kizigua mpaka wazee wawili kwenye benchi wakacheka. Mnafichana ninyi kwa ninyi, mnanificha na mimi, nimewalea hivyo? Alipomaliza akauliza kwa Kiswahili, "Sasa hapo wanataka nini?"

"Wanataka jina la mama yake," dada akasema.

Kwenye simu tulisikia kuku wa nyumbani. Nikasema, "Mama, basi, acha, tutafanya namna nyingine," na sauti yangu ikakatika kwa kikohozi. Nadhani kile kikohozi ndicho kilichomfungua mdomo.

"Huyo bwana wa kompyuta yupo?"

"Nipo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Sikiliza. Hawa wote wawili wamenyonya ziwa langu. Kompyuta yako ina pa kuandika ziwa?"

"Haina, bibi."

"Basi andika tumbo. Huyo mdogo, tumbo ni la Zuhura. Zuhura binti Salehe. Uliandike vizuri, maana alikuwa mtu wa haya, hawezi kuja kukusahihisha."

Yule bwana akaandika. Akamsomea herufi moja moja kwenye simu, na Mama akawa anaitikia, ehe, ehe. Mimi nilikuwa nimejifunika kanga uso mzima. Nimeishi miaka yote hii na ilikuwa mara ya kwanza kulisikia jina la mama yangu likitoka kinywani mwa Mama.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Kila mmoja akapata faili lake, na namba yake mwenyewe ya simu. Dada alihakikisha namba ya mumewe imefutwa, akasimama mpaka akaonyeshwa. Daktari akamwachisha dada dawa na kumpima damu kuona kama hazijamdhuru. Hazikumdhuru. Mimi nikameza dozi yangu ya kwanza palepale, kwa maji ya dada. Watoto wangu na mume wangu wakaitwa kupimwa, na wote walikuwa salama. Mume wangu aliporudi na majibu alikwenda moja kwa moja kabatini, akachukua kikombe changu, akanywea maji. Safari hii sikumfokea.

Dawa zina ubishi wake. Za asubuhi, tumbo tupu, na kichefuchefu kinachokufuata mpaka adhuhuri. Mkojo mwekundu kama juisi ya rosela. Usishtuke, na uwaambie wa nyumbani wasishtuke. Viungo viliniuma mpaka sikuweza kukanyaga cherehani. Machungwa yalikuwa yanapakiwa kwenye malori na mimi nimekaa barazani nayatazama, siwezi hata kulimenya moja. Ukifika hapo utasema bora niache. Usiache. Mimi nilitaka kuacha, na kilichonizuia ni hasira tu: vidonge nilivyovifuata mpaka Magoma, nije nivitupe kichakani?

Lakini lililoniuma kuliko viungo ni kwamba Mama hakuja. Siku ya kwanza hakuja, ya pili hakuja, uji akautuma na mtu. Nikajua nimemuumiza. Nilikuwa najiandaa kumfuata ndipo akaja mwenyewe, akakaa kwenye kigoda changu cha ushonaji, akauliza, "Umemeza?"

"Nimemeza, Mama."

Akasema, "Sikukuficha kwa ubaya. Niliogopa ukijua una mwingine utaanza kumtafuta, na hayupo. Utamtafuta wapi?"

"Na mimi niliogopa nikimtaja utaona sikutaki."

"Mwone," akasema. "Mtu mzima na akili za kitoto." Akanimiminia uji. Siku ile alinisimulia kwamba mama yangu alikuwa anapenda kushona kwa mkono, na kwamba gauni langu la kwanza alilishona yeye tumbo likiwa kubwa. Nililia mpaka uji ukapoa, nao nikaunywa hivyo hivyo.

Mvua za vuli ziliponyesha dozi ilikuwa imepunguzwa na mimi nimeanza kuongezeka. Nikashika wembe, nikafumua mishono ya lile gauni nililolipunguza kwanza, upande mmoja, kisha wa pili. Mfumo niliokuwa nimeulaani nao ukanilipa fidia. Rehema, binti wa dada, aliolewa, nami nikakaa Magoma siku za harusi. Vidonge vikaniishia. Nikaenda kwenye kituo chao, nikataja majina matatu, na jina la mama. Nesi wa huko akafungua, akaona yote: nimeanza lini, nimebakiza nini. Akanipa dawa bila kunirudisha Kwaluguru. Dada alikuwa pembeni, akamwambia, "Huyo ndiye mwenyewe. Mimi nilikuwa namshikia zamu."

Kwa hiyo usinielewe vibaya wewe unayesoma. Kompyuta kusomana ni jambo jema. Ila inajua kile tu unachoiambia, na sisi tuna tabia ya kuiambia kile tunachowaambia majirani. Ukiulizwa "ni wewe?" usikimbilie kusema ndiyo. Uliza wameandika nini, namba ya nani, kijiji gani. Kama una jina la bibi yako na binamu zako wote wanalo, sema. Majibu yakichelewa, rudi, na ukiambiwa bado, rudi tena, uwachoshe mpaka wakujue kwa mwendo. Na mwambie ndugu yako mmoja ukweli. Mimi na dada tungeambiana kwenye simu ile ya mafua, nisingezidi kuisha mpaka nikamkoholea Nesi damu.

Nilimaliza dawa watu wakichoma visiki mashambani kusubiri masika, mwezi mtukufu umekaribia. Mama alisema siku hiyo anakwenda na mimi. Alivaa kanga mpya, akakaa kwenye benchi ameshika mkoba mapajani, kama anayekwenda kuchumbiwa. Nesi Upendo akatuita ndani, akafungua kompyuta, akatabasamu.

"Makohozi safi. Umepona, Mama Shufaa. Nakufungia faili."

"Tusomee," Mama akasema.

Nesi akasoma. "Mwanaisha Athumani Mbwana. Mama, Zuhura Salehe. Amemaliza matibabu. Amepona."

Mama hajui kusoma. Akainuka, akasogea mpaka kwenye kioo cha kompyuta. "Jina la Zuhura liko wapi hapo?"

Nesi akamwonyesha. Mama akaweka kidole juu yake, taratibu, kama anayegusa paji la mtu aliyelala.

"Zuhura," akasema. "Mtoto wetu amepona."

Kisha akaifuta alama ya kidole chake kwa ncha ya kanga, tukaondoka.